Majonzi Yasiyo na Kaburi: Askari na Wandani Wao Waliokufa katika Riwaya za Vita vya 1914–1918

Mwezi Aprili 1916 Wareno waliikalia Kionga, kusini ya mlango wa Mto Ruvuma. Mwezi Mei walijaribu kuuvuka mto wakarudishwa kwa hasara. Septemba walivuka, Oktoba wakaingia Newala, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamekwisharudi ng'ambo. Septemba hiyohiyo Waingereza waliitwaa Mikindani. Oktoba 1917 yalitokea mapigano ya siku nne huko Mahiwa, bara ya Lindi, na mwezi uliofuata Paul von Lettow-Vorbeck akavusha Ruvuma jeshi lake lililosalia. Hayo ni mambo ya kumbukumbu za kijeshi. Kumbukumbu hizo hazielezi jinsi askari aliyebaki hai alivyomlilia mwenzake aliyeanguka. Kwa hiyo mtafiti hulazimika kuigeukia bunilizi, nayo ina mipaka yake.

Mpaka wa kwanza ni wa nani anayepewa haki ya kulia. António de Cértima, Mreno aliyeshiriki vita hivyo, alichapisha Epopeia Maldita mwaka 1924 akiwasikitikia wanajeshi wa nchi yake. Katika An Ice-Cream War (1982) ya William Boyd, uchungu unaoisukuma hadithi ni wa Felix Cobb kwa kaka yake Gabriel. Felix anatafuta kisasi, lakini anapomfikia mtu anayemtafuta, anamkuta amekwishakufa kwa maradhi. Majonzi yake yanakosa pa kutulia, na msomaji anayahisi. Waafrika waliobeba mizigo na bunduki za vita hivyo hawapewi nafasi kama hiyo.

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives (2020), inaugeuza mtazamo huo. Hamza, kijana aliyejiunga na Schutztruppe, anafanywa mtumishi wa ofisa Mjerumani. Ofisa huyo anamsimulia habari za mdogo wake aliyekufa katika moto, kwani Hamza anamkumbusha marehemu. Hapa ndipo tofauti inapojitokeza waziwazi: mkubwa anaye mtu wa kumtulia majonzi yake, naye ni askari wa chini, askari huyo hana wa kumtulia yake. Askari wengine wanapotoroka usiku, hasira ya Mjerumani mwingine inamwangukia Hamza, akajeruhiwa vibaya kwa upanga. Jeshi lililoshindwa kuomboleza linageuza uchungu kuwa ukatili juu ya aliye karibu.

Baada ya vita Hamza anarudi katika mji wa pwani na kuoa. Mchana hasemi, usiku analia usingizini, na mkewe Afiya ndiye anayesikia. Baadaye mtoto wao anasikia sauti, ikabidi aitwe mganga wa kike kumtibu. Hivyo riwaya inaonesha majonzi yakihama kutoka uwanja wa vita hadi chumbani, na kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Kwa hoja hii, ukimya wa askari si ukosefu wa hisia. Ni matokeo ya hali mahususi: kikosi kilichorudi nyuma bila kusimama, maiti zilizoachwa njiani, na kukosekana kwa jamaa wa kuosha, kukafini na kuzika. Pasipo matanga, kilio hakina siku ya kuanza wala ya kuanuliwa.

Hata hivyo, haifai kuichukulia riwaya kuwa ushahidi kamili. Utafiti wa Terence Ranger kuhusu ngoma ya beni, uliochapishwa mwaka 1975, unaonesha kuwa vyama vya Marini na Arinoti vilienea miongoni mwa askari na wapagazi wa pande zote mbili, na kwamba vilikuwa pia vyama vya kusaidiana. Palipokuwa na chama, palikuwa na watu wa kumlilia mtu aliye mbali na kwao. Upweke wa Hamza ni wa kweli kifasihi, ila haukuwa hali ya kila askari. Riwaya inamtenga mhusika wake ili uchungu uonekane. Historia inapaswa kumrudisha katika kundi lake.

Suala hili halijafungwa Mtwara. Huko Naliendele wapo askari wa Tanzania waliofia Msumbiji, wamezikwa mahali panapojulikana na wanakumbukwa kwa heshima za kitaifa. Wapagazi na askari wa 1916 na 1917, waliokufa katika nchi hiyohiyo, kwa sehemu kubwa hawana kaburi linalotambulika. Mtafiti anayesoma bunilizi ya vita hivyo anasoma, kwa namna fulani, matanga yaliyochelewa kwa miaka 100. Kazi yake ni kutofautisha anayeliliwa na anayenyamaziwa, na kueleza sababu ya ukimya huo bila kuujaza kwa maneno ambayo wafu hawakuyasema.