Gorogoro ya Prosesa

Sokoni Busia, upande wa Kenya, muuzaji wa mahindi huchota kwa gorogoro, ule mkebe wa bati wa kilo mbili hivi. Anajaza mpaka kichuguu kitokee juu, kisha anamimina kwenye mfuko. Mnunuzi mzoefu hakimbilii kutazama mahindi. Anaupindua mkebe kwanza. Kitako kikiwa kimebonyezwa kwa ndani, kila gorogoro inapungua hata kama juu imefurika. Bei haibadiliki, jina halibadiliki, mahindi ndiyo yanayopungua.

Fundi wa kompyuta naye ana gorogoro yake. Tuseme mwalimu amevuka kutoka Tororo, Uganda, na kompyuta ya Dell OptiPlex 7010, sanduku jeusi lililoanza kuuzwa mwaka 2012. Ameishughulikia kwa pesa zake: prosesa ya Core i5 imetolewa ikawekwa Core i7-3770, RAM imeongezwa, diski ya zamani imepisha SSD. Fundi anawasha programu inayoipa prosesa mahesabu yale yale inayoyapa kila mashine, kisha inatema namba. Namba inatoka theluthi mbili tu ya ile ambayo mwalimu aliambiwa aitarajie.

"Fundi, hii prosesa niliyouziwa ni bandia?"

"Mwalimu, hiyo namba uliyoambiwa ilipimwa na nini?"

Swali la fundi ndilo linalotuleta kwenye istilahi yetu. Kwa Kiingereza mtihani kama huo wa programu ya fundi huitwa benchmark, na ulimi wa fundi mwenye haraka huigeuza kuwa benchimaki. Neno lilitoka kwa wapima ardhi. Katika Uingereza ya karne ya 19, walichonga mstari wa kulala kwenye jiwe au ukuta imara, na chini yake mshale. Kwenye mstari huo walipachika kipande cha chuma, kibenchi cha kusimamishia fimbo ya kupimia kimo. Wakazi wa mpakani wanamjua ndugu yake, bikoni, inayoonyesha shamba au nchi inaishia wapi. Alama ya wapima vimo ilionyesha kitu kingine: kimo kinachojulikana, ambacho vimo vingine vyote vililinganishwa nacho.

Kulinganisha ndiko kiini cha neno, na hapo ndipo tafsiri nyingi zinapoteleza.

Neno la kwanza kumjia mtu ni kipimo. Lakini kipimo kinafanya kazi nyingi mno: cha malaria zahanatini, cha unga jikoni, cha joto ndani ya kompyuta. La pili ni alama, ambalo kila mwanafunzi analijua kutoka kwenye karatasi ya mtihani. Hilo linafaa kwa namba inayotoka, ila haliwezi kuwa jina la mtihani wenyewe. La tatu ni kigezo, kutoka kitenzi cha zamani kugeza, yaani kupima kitu kwa kukilinganisha na kingine, au kuiga. Ulinganisho umo ndani ya neno tangu kuzaliwa kwake.

Kigezo kina tatizo moja: redio. Matangazo ya biashara yamemzoeza msikilizaji "vigezo na masharti kuzingatiwa", yanayosomwa mbio mbio mwishoni, hata wengi hudhani kigezo ni sharti dogo lililofichwa. Hata hivyo, maana hiyo haiko mbali. Kigezo cha tangazo nacho ni kitu ambacho mteja anapimwa dhidi yake.

Ushahidi mzuri zaidi kwamba kiini ni ulinganisho umo ndani ya programu za kupimia zenyewe. Katika programu ya Geekbench toleo la 5, alama 1,000 ni uwezo wa kompyuta yenye Core i3-8100. Katika toleo la 6, lililotoka mwaka 2023, alama 2,500 ni uwezo wa kompyuta yenye Core i7-12700. Yaani ndani ya kila namba kuna kompyuta nyingine imejificha, na toleo likibadilika, inayojificha nayo inabadilika. Mwalimu akichukua alama ya toleo la 6 na kuiweka kando ya alama ya rafiki yake ya toleo la 5, analinganisha gorogoro na debe.

Vigezo vya namna hii si vya jana. Mwaka 1972 Waingereza walitoa kimoja kilichoitwa Whetstone, kwa jina la kijiji kilicho Leicestershire. Jina hilo kwa Kiingereza pia ni kinoo, jiwe la kunolea kisu, na mwanzo wake unasikika kama neno lenye maana ya maji maji. Mwaka 1984 Reinhold Weicker akatoa cha kwake na kukiita Dhrystone, mzaha wa jiwe kavu.

Kigezo kikishakuwa kile kile kwa mashine zote na alama bado ni ndogo, fundi anashika bisibisi.

Anaanza na joto. Core i7-3770 hukimbia gigahezi 3.4 na kwa muda inaweza kufika 3.9, lakini joto lake likikaribia nyuzi 100 hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kifuniko kinafunguka. Vumbi jekundu la murami limejisuka kwenye feni kama blanketi kuukuu. Chini ya bonge la chuma linalofyonza joto, ile pesti ya kijivu inayopaswa kuziba mwanya kati ya chuma na prosesa imekauka kama chaki. Fundi anaikwangua kwa kipande cha kadi ya simu, anafuta kwa spiriti, anatia tone la pesti mpya lenye ukubwa wa punje ya choroko, anafunga.

Kisha anatazama RAM, na hapa uboreshaji wenyewe ndio mkosaji. Mashine ilikuwa na vijiti viwili vya gigabaiti 2. Vikatolewa, kikawekwa kimoja cha 8. Nafasi imeongezeka maradufu, lakini njia imepungua nusu. Kijiti kimoja cha DDR3-1600 hupitisha hadi gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Viwili, kila kimoja kwenye njia yake, hupitisha hadi 25.6. Vigezo vya kuchora picha kwa prosesa pekee havijali sana jambo hilo. Vinavyohamisha data nyingi vinajali.

SSD mpya haina lawama, na haina sifa pia: inafanya Windows iamke haraka, ila alama ya prosesa haiigusi. Yaliyobaki ni mipangilio. Windows huenda imeachwa kwenye hali ya kuokoa umeme. Huenda antivirusi inachambua diski wakati kigezo kinaendelea. Huenda BIOS imeagizwa itumie kiini kimoja tu cha prosesa kati ya vinne. Na ipo sababu isiyo na tiba ya bisibisi: viraka vya usalama vilivyotolewa tangu Januari 2018 dhidi ya udhaifu wa Meltdown na Spectre vilipunguza kasi, hasa kwenye prosesa za umri huu. Alama iliyorekodiwa mwaka 2012 haikubeba mzigo huo.

Je, neno litakalobaki ni kigezo au benchimaki? Busia ina historia na maswali ya aina hii. Miaka ya 1960, waendesha baiskeli waliowavusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka waliita "boda! boda!", na leo neno hilo limo katika kamusi bila kuombewa ruhusa na yeyote. Tofauti ni kwamba bodaboda ilikuta nafasi tupu. Benchimaki inakuta kigezo kimeshakaa kwenye kiti. Tena mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, kwa hiyo mwanafunzi wa Tororo anaweza kukutana na kigezo darasani kabla hajafika kwa fundi.

Jioni programu inatema namba tena, toleo lile lile, na safari hii imekaribia ile ya mashine nyingine zenye prosesa hiyo. Fundi anachukua kalamu na kubandika karatasi ndani ya kifuniko. Mistari ni mitatu: kigezo (jina la programu na toleo lake), kipimo (joto la kabla na la baada), na alama (namba ya leo na tarehe).