Bwawa la kasa la Mnarani, Nungwi

Karibu na mnara wa taa wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kuna bwawa la asili katika mwamba wa matumbawe. Maji yake hujaa na kupwa pamoja na bahari. Tangu mwaka 1993 wanakijiji huwatunza humo kasa na ng'amba walionaswa na nyavu, kisha huwarudisha baharini.

Kasa hupumua kwa mapafu, kwa hiyo akikwama wavuni chini ya maji kwa muda mrefu hufa. Jike hutaga mayai 100 hivi kwa mara moja, lakini inakadiriwa kwamba katika vitoto 1,000 hukua kimoja tu. Mvuvi anayemnasua kasa mkubwa akiwa hai anaokoa yule mmoja.