Kutoka Hongo ya Usui hadi "Ya Kutolea": Nani Anailipia Njia ya Fedha?

Mwishoni mwa mwaka 1861, msafara wa Mwingereza John Hanning Speke, uliokuwa ukitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, kuelekea Karagwe, ulikwama katika nchi ya Usui. Nchi hiyo ilienea katika maeneo ambayo leo tunayajua kama wilaya za Biharamulo na Ngara. Mtawala wake, Suwarora, alidai hongo kabla ya msafara kuruhusiwa kupita. Siku zikapita katika majadiliano: nyaya za shaba ngapi, vitambaa vingapi, shanga za namna gani. Walipoafikiana, ngoma zilipigwa kuwatangazia watu kwamba hongo imekwisha kulipwa na njia iko wazi. Speke aliyaandika hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863, tena kwa manung'uniko mengi.

Siku hizi neno hongo limebaki na maana ya rushwa. Zama zile lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, nao ulikuwa na sifa tatu zinazostahili kukumbukwa. Kwanza, mtozaji alijulikana kwa jina na kwa makazi. Pili, kiwango kilijadiliwa na pande mbili. Tatu, mlipaji alikuwa mwenye msafara, mtu mwenye mali na bunduki, si mwanamke aliyepeleka kikapu cha ulezi kwa jirani. Simsifu Suwarora. Misafara iliyopita katika njia za bara ilibeba pembe za ndovu na watumwa, na hongo ilimnenepesha mtawala kuliko raia wake. Namtaja kwa sababu anatupa kipimo. Tangu siku zake njia ya fedha imebadilika mara nyingi, lakini kila ilipobadilika, mzigo wa ushuru ulizidi kushuka kwa mdogo, na nafasi ya mdogo kuujadili ushuru huo ikazidi kupungua.

Sarafu zilizokuja na wenyewe

Lugha yetu ni shahidi wa kwanza. Pesa ni neno lililotoka Bara Hindi. Fedha ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini yale meupe. Shilingi tumeachiwa na Mwingereza. Na hela, neno tunalolitamka kila siku bila kulifikiria, ni sarafu ya Mjerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904, pale rupia moja ilipoacha kugawanywa katika pesa 64 na kugawanywa katika hela 100. Hata Warundi, majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kabanga, fedha huziita amahera hadi leo. Kila jina tunaloliita fedha ni kumbukumbu ya aliyekuwa akiimiliki njia yake.

Sarafu hizo hazikuenea vijijini kwa sababu wanakijiji walizitamani. Zilienea kwa sababu zilidaiwa. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa mazao, lakini baadaye ilitakiwa sarafu tu. Asiyekuwa na sarafu alilazimika kuuza chakula chake kwa bei ya mwenye sarafu, au kuuza nguvu zake katika mashamba ya mbali. Kwa hiyo kabla hata ya kuilipa kodi yenyewe, mkulima alikwisha kulipa gharama nyingine: gharama ya kuipata ile fedha iliyokubalika. Gharama hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la serikali.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Koloni lilipozingirwa na fedha kutoka Ulaya kukatika, Wajerumani walichapa noti za muda humu humu nchini, na mwaka 1916 wakafua hela za shaba huko Tabora. Waliposhindwa, thamani ya noti zile ilizama pamoja na serikali iliyozitoa. Kati ya mwaka 1920 na 1922 Waingereza waliiondoa rupia, wakaleta florini, kisha shilingi ya Afrika Mashariki chini ya Bodi ya Sarafu iliyokuwa na makao yake London. Wenye mabenki na makampuni walikuwa na mawakili wa kuwatetea katika mabadiliko hayo. Aliyefukia sarafu zake katika chungu chini ya kitanda hakuwa na wa kumtetea.

Bei ya kusubiri

Kahawa ilipoanza kuingiza fedha Bugufi na kwingineko mkoani, swali la njia lilirudi kwa sura nyingine. Ushirika ulizaliwa ili mkulima asinyonywe na mlanguzi, na ulifanya kazi kubwa ambayo hatuna haki ya kuidharau. Lakini malipo ya ushirika huja kwa awamu: malipo ya awali, kisha ya pili, na kati yake makato na miezi ya kungoja. Ada ya shule haingoji. Mgonjwa haingoji.

Ndipo Kagera ikajua jambo linaloitwa butura, yaani kuiuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye fedha taslimu mkononi. Viongozi wameikemea butura mwaka hadi mwaka kana kwamba ni ujinga wa wakulima. Si ujinga. Butura ni ada ya uharaka. Mkulima anajua fika kwamba anapunjwa, na anakubali kupunjwa kwa sababu njia halali inachelewa. Hili tulishike, maana tutalikuta tena katika zama za intaneti.

Kwa nini simu ilipokewa kwa mikono miwili

Mwaka 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki yalitaifishwa. Mwaka 1991 sheria mpya ikaruhusu tena mabenki binafsi. Katika vipindi vyote viwili, mtu wa Mbuba aliyetaka huduma ya benki alifunga safari. Na safari yenyewe haikuwa ya amani. Wanaokumbuka miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka mabasi yaliyosindikizwa na polisi wenye silaha, na hofu iliyotawala abiria walipokaribia pori la Kasindaga huko Biharamulo. Mfanyabiashara aliyebeba mtaji wake kiunoni alikuwa amebeba na uhai wake.

Kwa hiyo M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, na wenzake wakafuata, haikuhitaji kupigiwa debe sana. Ada ya kutuma na kutoa fedha, hata ikiwa kubwa, ilikuwa ndogo kuliko bunduki ya jambazi. Mtoa huduma aliikuta bei ya ushindani ikiwa chini mno: alishindana na hatari, na hatari haijui kupunguza bei. Simu ilileta neema ya kweli, nami siandiki kuibeza. Lakini mwenye kuokolewa huwa hana nguvu ya kupatana bei na mwokozi wake.

Sokoni ada hiyo ilizaa msemo ambao kila Mtanzania anaujua: "Tuma na ya kutolea." Katika maneno manne umo mjadala mzima wa uchumi. Mnunuzi na muuzaji, wote wanyonge, wanabishana ni nani kati yao aibebe ada. Mtozaji wa ada hayupo katika ubishi huo. Mwenye msafara wa Usui alikaa akajadiliana na wajumbe wa mtozaji. Muuza maharage wa Mbuba anajadiliana na mlipaji mwenzake.

Tuone hesabu yenyewe kwa mfano wa kufikirika. Mwanamke mmoja anauza maharage ya shilingi 100,000 kwa mteja wa Mwanza, na baada ya kuondoa gharama zake anabakiwa na faida ya shilingi 8,000. Ikiwa ada zote za njiani ni asilimia 2 tu ya mauzo, anakatwa shilingi 2,000. Wakubwa wataziita asilimia 2, yaani kidogo. Kwake yeye ni robo ya faida. Ada ya malipo hutozwa juu ya mauzo, haiulizi faida. Ndiyo maana humuuma zaidi mwenye faida nyembamba, na wenye faida nyembamba ndio wadogo.

Serikali inapokaa njiani

Serikali nayo iliona kwamba njia hii ina wapitaji wengi. Mwaka 2013 ilianzishwa kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu. Wananchi wakapiga kelele, ikaondolewa. Mwaka 2016 kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikapanuliwa hadi kwenye ada za huduma za fedha. Kisha, tarehe 15 Julai 2021, ikaanza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya ada na kodi zilizokuwapo. Tuliambiwa ni tozo ya mshikamano, ya kujenga vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini.

Lengo lilikuwa jema. Lakini angalieni umbo lake: mkubwa aliwekewa kikomo, na mdogo aliyegawa malipo yake vipande vipande kwa sababu ya uhaba alilipa kwa kila kipande. Watu walijibu kwa miguu. Baadhi walirudi kubeba fedha taslimu, jambo ambalo kwa historia ya barabara zetu si dogo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikwenda mahakamani. Kabla ya mwaka 2021 kwisha viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 vikapunguzwa tena, huku tozo ikipanuliwa hadi kwenye miamala ya benki. Na kuanzia Oktoba 2022 baadhi ya tozo zikafutwa na nyingine kushushwa.

Kutokana na mambo hayo napata somo moja. Mara zote mbili, mwaka 2013 na mwaka 2021, ushuru ulishuka kwa sababu walipaji walisema kwa sauti moja. Haukushuka kwa sababu mtozaji alizidiwa na huruma.

Milango ambayo haifunguki kutoka ndani

Tukitoka katika simu tukaingia katika biashara ya intaneti, hali inakuwa ngumu zaidi. Kijana wa Ngara anaweza leo kumwonyesha mteja wa Hamburg kahawa yake au ususi wa mama yake. Kumwonyesha si kazi. Kazi ni kulipwa. PayPal kwa miaka mingi imemruhusu mtu aliye Tanzania kulipa, lakini haikumruhusu kupokea, ilhali jirani yetu Mkenya anapokea na kuihamishia fedha yake M-Pesa. Maana yake sisi tumefunguliwa mlango wa kutoa mali, na ule wa kuingiza umefungwa. Kijana huomba akaunti ya ndugu aliye Nairobi au Ulaya. Fedha ikifika, imekwisha kukatwa na mchakataji wa malipo, ikakatwa katika kubadilishwa kutoka euro au dola, ikakatwa katika kutumwa, na itakatwa tena katika kutolewa kwa wakala. Na katika njia nyingi za aina hii fedha hushikiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Butura imevaa suti.

Hata mpakani penyewe mambo hayajatulia. Mwaka 2014 kampuni ya Tigo iliwezesha kutuma fedha kutoka Tanzania kwenda Rwanda huku shilingi ikigeuzwa faranga ndani ya simu. Kwa watu wa Rusumo, wanaoishi kati ya sarafu tatu, hilo lilikuwa jambo la maana. Lakini Tigo ya Rwanda iliuzwa kwa Airtel, na ya kwetu ikabadili wamiliki, kisha mwaka 2024 ikabadili na jina kuwa Yas. Njia ambayo wafanyabiashara wadogo walianza kuizoea iligeuka kuwa suala la mikataba ya wanahisa. Na itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013 ikiahidi sarafu hiyo ndani ya miaka kumi, imepitwa na ahadi yake.

Nini kifanyike

Wapo watakaosema kwamba mitambo, minara na mawakala vina gharama, na mwenye mtaji lazima arudishiwe fedha yake. Ni kweli. Lakini kati ya gharama na bei kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo siasa. India ilijenga mfumo wake wa malipo wa umma, UPI, mwaka 2016, na tangu Januari 2020 mfanyabiashara hakatwi ada ya kupokea malipo kwa njia hiyo. Brazil ilianzisha Pix mwaka 2020, bure kwa watu binafsi. Hapo Kenya, wakati wa korona, miamala ya hadi shilingi 1,000 za Kenya iliondolewa ada kwa miezi kadhaa, na mbingu haikuanguka.

Sisi tunao mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha mabenki na makampuni ya simu. Barabara ya umma tunayo. Kinachobaki ni kuamua nani aitumie kwa bei gani. Napendekeza mambo matatu. Malipo madogo kwenye lipa namba ya mfanyabiashara mdogo yasikatwe chochote, wala anapoyatoa kwa wakala. Kila ada ichanganuliwe kwenye risiti: hii ya kampuni, hii ya serikali, hii ya wakala, ili mtozaji ajulikane. Na viwango visibadilishwe kabla vyama vya wafanyabiashara wadogo na ushirika wa wakulima havijaketi mezani, kama ambavyo makampuni huketi.

Hili la tatu ndilo kubwa, maana mawili ya kwanza yanaweza kutolewa leo na kunyang'anywa kesho. Muuza maharage wa Mbuba haombi kupita bure. Anaomba kile ambacho hata Suwarora, pamoja na ulafi wake, hakuwanyima wapitaji: nafasi ya kusema kwamba kiasi hiki ni kikubwa mno, na mtu wa kumwambia hivyo.