Kosa la saa 18: sheria ya madereva wa malori kwa macho ya mwanaprogramu

Leo naweka kando kompyuta kidogo, ingawa mtaona siendi mbali. Nataka tuzungumzie programu ambayo haikuandikwa na mwanaprogramu yeyote, na ambayo iliongoza malori ya Marekani kwa zaidi ya miaka 40 ikiwa na kosa ndani yake. Ni sheria ya saa za kuendesha.

Tuanze na reli, kwa maana huko ndiko wazo lilikomea kwanza. Mwaka 1907 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba wahudumu wa treni wasikae kazini zaidi ya saa 16 mfululizo. Mwaka 1930 Uingereza ikaleta wazo hilo barabarani: dereva wa basi au lori asiendeshe zaidi ya saa 5 na nusu bila kupumzika, wala zaidi ya saa 11 katika saa 24.

Malori ya Marekani yaliwekwa chini ya tume iitwayo Interstate Commerce Commission mwaka 1935. Kanuni za kwanza za tume zilitoka 1937, na vyama vya wafanyakazi vikapinga mara moja kwamba zimelegea mno. Wao walitaka saa 8 kwa siku. Mwaka 1938 tume ikapunguza: saa 10 za kuendesha katika saa 24, na saa 8 za mapumziko.

Sasa fikeni hapa mnisikilize vizuri. Mwaka 1962 tume iliondoa kile kipimo cha saa 24. Kilichobaki ni hiki: ukishapumzika saa 8, unaweza kuendesha saa 10. Basi. Ukikisoma haraka huoni tatizo lolote. Lakini 10 jumlisha 8 ni 18, na siku ina saa 24.

Hebu tuiendeshe programu hii kwa mkono. Dereva anaondoka saa 12 asubuhi, anaendesha saa 10, anaegesha saa 10 jioni. Anapumzika saa 8. Saa 6 usiku yuko huru kisheria kuwasha injini tena, na kufikia saa 12 asubuhi ameshaendesha saa nyingine 6. Jumla ni saa 16 za usukani ndani ya siku moja, na hajavunja sheria hata moja! Zaidi ya hayo, kila zamu inaanza saa 6 mapema kuliko ile iliyotangulia: leo asubuhi, kisha usiku wa manane, kisha jioni, kisha adhuhuri. Kikomo cha saa 60 kwa siku 7 kilikuwepo, lakini hicho kinahesabu jumla tu. Hakijui kama mtu alilala usiku au mchana wa jua kali, na mwili wa binadamu unajua.

Marekebisho yalikuja lini? Kanuni mpya zilianza kutumika Januari 2004: saa 10 za mapumziko, kisha dirisha la saa 14 ambamo unaruhusiwa kuendesha saa 11. Piga hesabu: 10 na 14 ni 24. Sheria ikasogea karibu zaidi na saa ya mwili. Hata hivyo muda wa usukani uliongezwa kutoka 10 hadi 11, na Julai mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikazitupa kanuni hizo kwa kuwa afya ya madereva haikuzingatiwa ipasavyo. Bunge likaziacha ziendelee kwa muda, na mwaka 2005 zikatoka zilizorekebishwa.

Upande wa pili ni data. Kwa miongo mingi kumbukumbu ilikuwa daftari la karatasi, linalojazwa na dereva mwenyewe. Madereva walilitania kuwa kitabu cha katuni, nadhani mnaelewa kwa nini. Ulaya ilichagua takografu, kifaa kinachochora mwendo wa gari juu ya kisahani cha karatasi, na kuanzia Mei 2006 magari mapya yakatakiwa kuwa na ya kidijitali yenye kadi ya dereva. Marekani ililazimisha kifaa cha kielektroniki Desemba 2017.

Je, kifaa kinamaliza kazi? La. Kinajua kama magurudumu yanazunguka; hakijui kama dereva amelala. Tena dereva anayelipwa kwa maili, akicheleweshwa saa 5 kwenye ghala la kupakia, dirisha lake la saa 14 linaendelea kuliwa huku hapati senti. Akitoka hapo atakimbiza muda. Sheria imembana yeye, wala si mwenye ghala.

Na sisi? Sheria yetu ya Trafiki inakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kikomo hicho kina zile saa 24 ambazo Marekani ilizipoteza mwaka 1962, kwa hiyo kimantiki kiko sawa. Lakini trela ikitoka Mombasa kwenda Malaba, afisa anayeisimamisha Salgaa usiku atajuaje dereva alishika usukani saa ngapi? Atamuuliza dereva. Naye dereva, taniboi akiwa kando yake na mzigo ukisubiriwa, atajibu nini?

Kanuni nzuri isiyo na data ni sawa na programu nzuri ambayo hakuna aliyeiwasha.