Uamsho Uliotufundisha Kulipa Madeni

Wapendwa, katika yubilii hii tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 Uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, alikofanya kazi daktari huyo, na mwaka 1937 ukafika Kabete.

Waliookoka hawakuishia kutubu kanisani. Aliyeiba alirudisha, mwenye deni alilipa, mume alimwomba mkewe msamaha. Waafrika na wamisionari waliitana ndugu, jambo geni enzi za ukoloni. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa pia bunduki ya serikali. Baadhi yao waliuawa.

Mtu alipotubu hadharani, ndugu walimwimbia Tukutendereza. Toba ilitangulia, wimbo ukafuata. Sisi wanakwaya tumeurithi wimbo. Basi kabla ya kuvaa joho Jumapili, tulipe tunachodaiwa na majirani, na soprano na besi wasiendelee kununiana. Bwana asifiwe!