Kurekodi saksafoni

Kurekodi saksafoni ni kazi ya kuchagua maikrofoni na kuiweka mahali panaponasa sauti kamili ya ala hiyo ya kupuliza, iliyobuniwa na Mbelgiji Adolphe Sax na kupewa hataza Ufaransa mwaka 1846.

Sauti ya saksafoni haitoki mdomoni mwake peke yake. Noti nyingi hutokea kwenye matundu yaliyo wazi chini ya vibonyezo. Noti ya chini kabisa, matundu yote yakiwa yamezibwa, ndiyo hutoka mdomoni. Kwa hiyo maikrofoni ikitazama ndani ya mdomo, noti hazilingani kwa nguvu. Mara nyingi huwekwa umbali wa sentimita 30 hadi 60, ikielekea kati ya mdomo na vibonyezo. Ikisogezwa karibu mno, hunasa pia mgongano wa vibonyezo na pumzi za mpigaji.

Maikrofoni ya kondensa huonyesha undani wa sauti, ya dainamiki huhimili mikikimikiki ya jukwaani, na ya riboni hulainisha ukali. Hata hivyo, riboni hukingwa dhidi ya upepo, kwa kuwa utepe wake mwembamba wa alumini huharibika upesi.