Mjomba Aliandikiwa 760,000. Sheria Ilisema 480,000 na Gharama

Juzi mjomba wangu hapa Hola aliniita nimsomee barua. Yeye kusoma anajua, lakini barua za benki, si unajua, zimeandikwa ili usizielewe. Alikuwa amekopa kununua pampu ya maji na mbegu, shamba lake liko kando ya Mto Tana. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yakapita na kila kitu, pampu ikabaki tope. Alipoacha kulipa, alikuwa anadaiwa shilingi 240,000 za mkopo wenyewe. Barua ilisema 760,000, la sivyo ploti yake inaenda kwa mnada.

Mjomba alikuwa ashakata tamaa. "Mwanangu, dawa ya deni ni kulipa. Niuze ng'ombe wote."

Nikamwambia angoje. Usiku huo nikaanza kusoma, na niliyoyapata ndiyo nataka kuwaambia, maana hii historia hatukufundishwa shule. Hola yetu wakiitaja kwenye vitabu ni wale wafungwa 11 waliouawa kambini Machi 1959, basi. Historia ya pesa hakuna anayeisimulia, na ndiyo inayobisha mlango wetu leo.

Tuanze 1991. Mwaka huo serikali iliondoa udhibiti wa riba, kila benki ikapanga bei yake. Kisha ikaja kashfa ya Goldenberg na mfumuko wa bei, na kufikia 1993 riba za mikopo zilikuwa zimevuka asilimia 30. Mtu anakopa kwa bei moja, anaamka bei imepanda, na hakuna aliyemuuliza. Hapo ndipo Wakenya wengi walipojifunza kwamba deni linaweza kukua hata ukiwa umelala.

Kumbuka, Sheria ya Benki ilikuwa na kifungu cha 44, kinachosema benki haiwezi kupandisha gharama zake bila idhini ya Waziri wa Fedha. Mabenki yalibishana miaka na mikaka kwamba riba si gharama. Ubishi huo ulifika hadi Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Stanbic na kampuni ya Santowels, na mwaka 2024 majaji wakasema riba nayo imo. Deni lenyewe lilikuwa la miaka ya tisini. Hebu fikiria mtu anayesubiri jibu muda wote huo.

Bungeni nako walijaribu. Mbunge wa Gem, Joe Donde, alileta mswada wa kufunga riba, ukapita mwaka 2000. Mabenki yakakimbia kortini, na Januari 2002 Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Shida moja kubwa ilikuwa tarehe: sheria ilichapishwa 2001 katikati, ikadai ilianza kazi Januari mwaka huohuo. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo siku analifanya halikuwa kosa. Jasho la miaka likamwagika kwa sababu ya tarehe.

Miaka 14 baadaye akaja Jude Njomo wa Kiambu. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi, riba isizidi pointi nne juu ya ile ya Benki Kuu. Tulishangilia. Lakini mabenki yakawafungia mlango wakopaji wadogo, yakaona heri yaikopeshe serikali. Machi 2019 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho hakieleweki vizuri, na Novemba Bunge likakiondoa.

Sasa hapa ndipo nilipopiga meza. Katikati ya vita hivyo viwili, kimyakimya, kuna sheria ilipita na haijaguswa mpaka leo. Ni kifungu cha 44A, kilichoanza kazi Mei 2007. Asili yake ni ya Warumi wa kale, ikapitia Afrika Kusini. Inasema hivi: mkopo ukishaingia kundi la mikopo isiyolipika, riba inayoongezeka kuanzia hapo haiwezi kuzidi salio la mkopo la siku hiyo. Juu yake ni gharama halali za kudai tu.

Piga hesabu ya mjomba. 240,000 mara mbili ni 480,000. Ongeza gharama, haifiki 760,000 hata kwa maombi.

Na si hilo tu. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka benki ikupe ilani ya miezi mitatu ujirekebishe, kisha ilani ya siku 40 kabla ya kuuza. Dalali naye anatakiwa akupe siku 45. Kama ni nyumba ya ndoa, lazima mwenzako awe aliridhia mkopo. Kuuza kwa bei ya kutupa pia hairuhusiwi. Ukirukiwa hatua mojawapo, una haki ya kwenda kortini kuzuia mnada, na Mahakama Kuu iko Garsen, si lazima Nairobi.

Tuliandika barua kuomba mchanganuo wote wa akaunti, tukataja 44A. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: mnada umesimamishwa, "tunapitia hesabu." Bado wanapitia. Wakili ameshaandaa karatasi za kesi iwapo watasahau tena kuhesabu.

Wengine mtasema, hii ni ya wazee wenye ploti. Acheni hizo. Sisi tulizaliwa kwenye mkopo wa simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Zidisha mara 12 uone mwaka mzima ni 90. Baadaye zikaja programu za kupigia simu mama yako na mwalimu wako ukichelewa siku moja. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zimekataza vitisho, matusi na kutumia majina yaliyo kwenye simu yako. Bado wapo wanaofanya, kwa sababu wanajua hatusomi.

Simwambii mtu asilipe. Mjomba alikopa, mjomba atalipa, na mwenyewe anasema hivyo. Dawa ya deni ni kulipa. Ila lipa deni, usilipe hofu.

Donde na Njomo walishindwa kortini kwa sababu upande wa pili ulikuwa na watu wanaosoma kila mstari. Basi na sisi tusome. Ukipata barua ya benki, kabla hujauza ng'ombe, uliza swali moja: siku nilipoacha kulipa, salio la mkopo lilikuwa ngapi? Anzia hapo.